Piga Simu Kabla Ndege Haijaruka

Leo nataka tuzungumzie pesa za ndege: umeshalipa, tiketi unayo kwenye simu, kisha safari ikaharibika.

Nianze na yaliyonipata mimi. Ijumaa moja niliondoka Kanduyi saa saba mchana niwahi ndege ya jioni Eldoret, kwa sababu kesho yake kulikuwa na kikao cha mahari ya mpwa wangu Nairobi. Anayeijua barabara hiyo anajua hesabu yake. Unapita Webuye, Kipkarren na Turbo, halafu uuvuke mji mzima wa Eldoret, maana uwanja wenyewe uko upande wa pili, kwenye njia ya Kisumu. Kabla hatujafika Turbo tukakuta lori la mizigo limelala katikati ya barabara. Tulikaa pale hadi jua likazama, wauza mahindi ya kuchoma wakipita dirishani kwenda na kurudi. Simu yangu ilikuwa na chaji, salio lilikuwepo, na namba ya shirika la ndege ilikuwa imeandikwa kwenye tiketi. Sikupiga. Nilijiambia: ya kwenda imeshapotea, nitatumia ya kurudi.

Nikapanda basi la usiku, kikao nikakiwahi. Jumapili jioni nikafika uwanja wa Jomo Kenyatta na kitambulisho mkononi. Kijana wa kaunta akaitazama kompyuta, akaitazama tena, akaniambia kwa upole, "Mama, jina lako halimo. Ijumaa hukusafiri, kwa hivyo safari yote ilifutwa." Nikamwambia, "Mwanangu, hii ya kurudi nimeilipia." Akajibu, "Ninaelewa, mama. Lakini kiti kimeshauzwa."

Kiti kimeshauzwa. Mimi nilikuwa nimekilipia, na mwingine naye amekilipia. Shilingi 11,400 zangu zikaishia hapo, nikarudi nyumbani kwa basi.

Tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi wa pande zetu yaliyowapata hayo hayo, na karibu wote walinyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Ndiyo sababu nimeleta jambo hili hewani. Katika mashirika mengi, tiketi ya kwenda na kurudi ni kitu kimoja. Usipotokea safari ya kwanza bila kusema neno, kompyuta inafuta na zilizobaki. Lakini ukipiga simu kabla ndege haijaondoka, hata ukiwa umekwama kwenye foleni ya malori, mara nyingi unaweza kuhamishiwa siku nyingine kwa kulipa ada na tofauti ya nauli, au angalau ukaomba ile ya kurudi ibaki. Dakika tano kabla ya kuruka na dakika tano baada ya kuruka ni mbingu na ardhi.

Kwa nini iwe hivyo? Kiti cha ndege ni kama maziwa ya asubuhi. Mlango ukishafungwa na kiti kiko wazi, hakiuziki tena kwa bei yoyote. Ukimwambia mwenye ndege mapema kwamba huendi, umempa nafasi ya kukiuza, na hapo una neno la kumwambia. Hilo ninalikubali, ni biashara. Nisilolikubali ni mtu kuuza kiti kimoja mara mbili na kubaki na pesa zote mbili huku akisema masharti yaliandikwa. Yaliandikwa wapi? Kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza cha mawakili, chini kabisa ya ukurasa ambao mkulima wa Endebess ameusomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Shirika linalotaka kumfunga mtu kwa masharti limsomee kwanza kwa lugha anayoielewa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Hata tiketi ya bei ya chini kabisa, ile iliyoandikwa kwamba nauli hairudishwi, ina pesa ndani yake ambazo si nauli. Kuna ada ya huduma kwa abiria, ambayo Kenya imeitungia sheria yake. Ada hiyo ni ya abiria anayepita uwanjani na kupanda ndege. Wewe hukupanda. Mashirika mengi hurudisha kodi na ada za namna hiyo ukiziomba, ila usipoomba hakuna atakayekutafuta akuletee. Kwa safari ya Eldoret kiasi chenyewe ni kidogo. Kwa tiketi ya kwenda Doha au London, kodi na ada zaweza kuwa maelfu mengi ya shilingi. Itazame tiketi yako uone nauli imeandikwa wapi na kodi zimeandikwa wapi.

Hayo yote ni pale wewe ndiye uliyeshindwa kusafiri. Wao wakishindwa, habari hubadilika. Shirika likifuta safari, kiti ulichonunua hukupewa, na pesa ni zako. Tumeyaona hapa kwetu. Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na za ndani hazikurudi angani hadi Julai 15 mwaka huo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta nao wakagoma. Nyakati kama hizo abiria hupewa vocha badala ya pesa. Ukijua utasafiri tena, vocha si mbaya. Lakini mama aliyekuwa anakwenda kumzika ndugu yake ataifanyia nini vocha ya mwaka mmoja? Ukiitaka pesa, sema pesa, na usibonyeze popote panaposema umekubali vocha.

Wengine wenu mtaikumbuka Jetlink, iliyokuwa ikituletea ndege Eldoret na Kisumu. Novemba 2012 ilisimamisha safari zake, ikieleza kwamba fedha zake zilikuwa zimekwama Sudan Kusini. Shirika likifika hapo, tiketi yako inageuka kuwa deni, nawe unapanga foleni na wadai wengine. Aliyelipa kwa kadi ana mlango mmoja zaidi: aende benki yake mapema aombe malipo yale yapingwe, kwa kuwa huduma haikutolewa.

Kuna pia hawa mawakala wetu wa mjini. Ukinunua kwa wakala, shirika litakwambia rudi kwa wakala, na wakala atakwambia shirika halijaleta. Nimeona watu wakizungushwa hivyo miezi. Siku unayonunua, chukua risiti inayoonyesha nauli ni ngapi na ada ya wakala ni ngapi, na uhakikishe jina lako na namba ya tiketi vimo. Wakala asiyekupa karatasi hiyo, mwache.

Ukitaka kudai, andika. Simu ni ya kuokoa kiti; maandishi ni ya kuokoa pesa. Chukua kalamu: "Mimi fulani, tiketi namba fulani, sitasafiri tarehe fulani. Naomba mfute safari yangu na mnirudishie nauli. Na kama nauli hairudishwi, mnirudishie kodi na ada ambazo hazikutumika." Maneno hayo yanatosha. Yatume kwa barua pepe kabla ya saa ya kuondoka, na uyahifadhi. Aliyelazwa aambatishe barua ya daktari, aliyefiwa aambatishe kibali cha mazishi. Yapo mashirika yanayolegeza masharti kwa ugonjwa na msiba.

Ukipuuzwa, huko peke yako. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Malalamiko yanapokelewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na pia Mamlaka ya Ushindani. Halafu kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi ikamilike ndani ya siku 60. Nenda mahakamani Kitale au Bungoma umuulize karani ni kituo gani kitakachopokea dai lako.

Walio na watoto Marekani waambieni hili: kwa ndege inayotoka au kwenda nchi hiyo, tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya safari, sheria yao inataka mnunuzi aweze kuighairi bure ndani ya saa 24, au shirika limshikie bei kwa muda huo kabla hajalipa. Na ndege inayoondoka nchi za Umoja wa Ulaya ikifutwa, abiria anayechagua kurudishiwa nauli anapaswa kulipwa ndani ya siku 7. Siku zimehesabiwa na kuandikwa. Sisi tunalipa kwa M-Pesa kwa nukta chache, halafu kurudishiwa tunaambiwa "subiri". Wabunge wa Trans Nzoia na Bungoma, ambao ndege mnazipanda kila wiki, tuandikieni siku zetu katika sheria.

Nawe msikilizaji, kama una tiketi ya wiki hii na moyoni unajua huendi, punguza sauti ya redio upige simu sasa. Taarifa ya habari utaikuta.