Dawa ya Kiseyeye

Leo napenda kuwaelezeni habari za kiseyeye, maradhi yaliyoua maelfu ya mabaharia wa Ulaya. Mwenye kiseyeye hulegea viungo, ufizi humvimba na kutoka damu, meno hung'oka, hata hufa.

Vasco da Gama, Mreno, alipotoka Bara Hindi Oktoba 1498 kurudi kwao, alikaa baharini karibu miezi mitatu kwa ajili ya shwari na pepo za mbisho. Watu wake 30 walikufa njiani, na kila chombo kikabaki na mabaharia saba au wanane tu wa kufanya kazi. Alipofika Malindi Januari 1499 alimtuma mtu pwani atafute machungwa, maana wagonjwa waliyatamani mno. Basi dawa ilikuwa karibu. Lakini kwa zaidi ya miaka 200 waganga waliendelea kubishana, kila mmoja akisifu dawa yake.

Mei 1747, James Lind, Mskoti, mganga wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliona heri kujaribu kuliko kubishana. Alichagua wagonjwa 12 waliolingana ugonjwa, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa kinywaji cha matofaa, wawili matone ya asidi, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili dawa ya kitunguu saumu na haradali. Na wawili wa mwisho kila mtu machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yakaisha siku ya sita. Hata hivyo, mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akapata nguvu hata akawekwa kuwauguza wengine. Wa matofaa walipata nafuu kidogo tu.

Lind alitoa kitabu mwaka 1753, naye akafa 1794. Manowari za Uingereza ziliamriwa kutoa maji ya limau mwaka 1795, yaani miaka 48 baada ya jaribio lile. Fikirini waliokufa katika miaka hiyo! Leo twajua nguvu ya dawa hiyo ni vitamini C, nayo imo pia katika mapera, mapapai na mboga mbichi.

Nanyi mkisikia mtu akisifu mbegu mpya, msimfuate kwa sauti yake kubwa. Pandeni ya zamani na mpya katika udongo mmoja, siku moja, kwa palizi moja. Kisha mavuno na yaamue.