Kuirudia Hadithi Baada ya Kuiandika

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo waandishi wengi wa hadithi huikimbia, nayo ni kazi ya kuurudia mswada wa kwanza. Kuanza hadithi ni furaha, na kuimaliza ni furaha zaidi. Lakini kuirudia ni kama kupalilia shamba wakati wa jua kali. Hakuna aipendaye kazi hiyo, wala hakuna avunaye pasipo kuifanya.

Nasi hatusemi haya kwa kusikia tu. Zamani kidogo tuliandika hadithi ya kijana aliyeacha kwao akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Tulijaza madaftari matatu, na tulipotia nukta ya mwisho tuliona ya kuwa hakuna neno lililopungua. Tukawasomea wanafunzi wetu wa chuo cha walimu baada ya chakula cha jioni. Tulipofika sura ya nne tukasikia mtu akikoroma. Hilo tulilisamehe, kwani mchana kutwa walikuwa wakilima bustani. Lakini kijana mmoja aliinua mkono, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Huyu mama anayemuaga mwanawe, mbona asema kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule?" Wenziwe wote wakacheka.

Tulilala na hasira, tukaamka na haya. Tulipolifungua daftari tuliona ya kuwa yule kijana alisema kweli. Mama wa hadithi yetu alikuwa amehutubu kurasa mbili nzima juu ya bidii, na usafi, na kuweka akiba. Hapo tukamkumbuka mama yetu sisi, siku tulipoondoka nyumbani kwenda shule ya bweni. Hakusema maneno ishirini. Alitufungia viazi vitamu katika jani la mgomba, akatazama mawingu, akasema mvua inakuja, basi twende upesi. Akarudi ndani. Tulikuwa tunayajua hayo miaka yote, lakini tulipoandika tuliona kwamba hayatoshi kuwekwa kitabuni, tukaweka hotuba mahali pake. Basi tukazifuta kurasa zile mbili, tukaandika mistari minne.

Tokea hapo twaamini ya kuwa mswada wa kwanza huandikwa kwa ajili ya mwandishi mwenyewe, apate kujua ana nini la kusema. Na wa pili huandikwa kwa ajili ya msikilizaji.

Tuchukue mfano wa mtu mashuhuri. Chinua Achebe wa Nijeria aliingia kazi ya redio mjini Lagos mwaka 1954, katika idara ya mazungumzo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza maandiko ya kusomwa kwa sauti. Mwaka 1956 alipelekwa London kujifunza zaidi kazi hiyo, akachukua mswada wa hadithi yake. Mwalimu mmoja huko aliusoma akaupenda, akataka kumwonyesha mchapishaji. Kijana mwingine angaliruka kwa furaha. Achebe alisema bado haujawa tayari. Mswada ule ulikuwa na habari za vizazi vitatu vya nyumba moja. Aliporudi kwao alikata sehemu ya pili na ya tatu, akabakiza habari za Okonkwo peke yake, kisha akaipanga hadithi upya. Kitabu kilitoka mwaka 1958, jina lake *Things Fall Apart*, nacho kimefasiriwa katika lugha zaidi ya hamsini. Wasomaji wa Kiswahili wakijua kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Na zile habari alizozikata hazikupotea zote, kwani mjukuu wa Okonkwo alipata kitabu chake mwenyewe mwaka 1960.

Katika habari hizo mna onyo pia. Achebe alipeleka London nakala yake moja tu, iliyoandikwa kwa mkono, ipigwe chapa kwa mashine. Ikakaa huko miezi mingi bila jibu, hata mkuu wake wa kazi alipokwenda likizo Uingereza akaiulizia. Mwandishi, usiitoe nakala ya pekee mkononi mwako.

Sasa tuseme njia ya kazi yenyewe. Kwanza, mswada ukiisha, uweke kando majuma machache. Nyani haoni kundule, wala mwandishi haoni kosa lake siku ile ile. Pili, usome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, au pumzi ikikatika katikati ya sentensi, tia alama. Tatu, anza na mambo makubwa. Jiulize: Hadithi hii ni ya nani? Anataka nini? Nini kinamzuia? Sura ambayo ukiiondoa hakuna atakayeiulizia, iondoe. Wengi wetu huanza kwa kusahihisha herufi na vituo, na huko ni kupaka chokaa ukuta ambao kesho utabomolewa. Nne, tazama kila mahali unapomhubiri msomaji. Sisi walimu tuna ugonjwa huo zaidi ya wengine. Ikiwa mtu wako ni mchoyo, mwonyeshe akihesabu vipande vya nyama chunguni. Hapana haja ya kusema ya kwamba uchoyo ni mbaya. Mwisho, msomee mtu asiyekuogopa, kisha unyamaze. Usimweleze ulikusudia nini, maana hutakuwako kumweleza kila atakayekinunua kitabu.

Hadithi yetu ya madaftari matatu sasa ni daftari moja na nusu. Juzi tuliisoma tena mbele ya wanafunzi. Hakuna aliyeisifu. Ila tulipokuwa tukizima taa, yule kijana wa kwanza alitufuata mlangoni, akauliza, "Mwalimu, yule kijana aliporudi kutoka mkongeni, alimkuta mama yake hai?"

Hatukumjibu, kwa sababu hatukuwa tumeliandika jambo hilo. Usiku ule tuliwasha taa tena, tukakaa mezani.