Macho mekundu si uchawi

Shinyanga na Geita, macho mekundu yamewaponza vikongwe wengi: wakaitwa wachawi, wakakatwa mapanga. Mara nyingi chanzo ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni, au ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Maambukizi ya trakoma yakijirudia tangu utotoni, kovu huvuta ukingo wa kope ndani. Kila mgonjwa akipepesa, nywele za kope hukwaruza kioo cha jicho, mwisho upofu. Wengine huzing'oa kwa kibano, zikaota tena. Dawa ni upasuaji mfupi kwa ganzi: kope hupasuliwa, ukingo ukageuzwa nje.  Viongozi wa vijiji, wapelekeni bibi zetu kliniki ya macho kabla mpiga ramli chonganishi hajawataja.