Mwalimu Aliyebisha Hodi kwa Wazazi
Hotuba kwa wazazi, walimu wa chekechea na wakazi wa Kaunti ya Nakuru



Jina la Peter Tabichi si geni Nakuru. Mnamo Machi 2019, mwalimu huyu wa Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, Njoro, alisimama jukwaani mjini Dubai akapokea tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni 1 za Marekani. Waliopendekezwa walikuwa takriban 10,000 kutoka nchi 179. Habari za fedha hizo zilienea upesi. Lakini kwa mzazi wa kijijini, swali lenye faida zaidi ni hili: mwalimu wa namna hiyo hutoka wapi?

Tabichi alizaliwa mwaka 1982, akakulia kijijini Gusii katika ukoo wenye walimu wengi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Peter alipokuwa na miaka 11, mama alifariki, na baba akabaki na watoto peke yake. Shule ilikuwa mbali, na mwendo ni wa miguu. Kila mtu hapa anazijua nyumba zilizopatwa na msiba kama huo, na anajua yanayofuata mara nyingi. Mmoja anaachishwa shule alee wadogo wake, mwingine anapelekwa kwa jamaa, wa tatu anaanza vibarua. Nyumba ya Tabichi haikufika huko. Baba alishikilia masomo, na yule mtoto akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Egerton, hapa hapa Njoro, akahitimu kuwa mwalimu. Usiku ule wa Dubai alimwita mzee wake jukwaani, akamkabidhi tuzo aishike.

Akiwa pia mtawa wa shirika la Wafransisko, alifika Keriko akakuta hali ambayo wengi mnaifahamu. Wanafunzi karibu wote walitoka katika familia maskini, na theluthi moja hivi walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu. Darasa moja lingeweza kuwa na wanafunzi karibu 60. Kompyuta ilikuwa moja, na mtandao wa kubahatisha, kwa hiyo mwalimu alikwenda saiba kupakua masomo, kisha akarudi nayo darasani. Tena eneo hilo halikuwa limesahau ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Watoto wa jamii zilizopigana walikaa dawati moja. Alianzisha klabu ya amani, wakawa wanajadiliana, wanapanda miti na kucheza pamoja.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilifanyika nje ya geti la shule. Mwanafunzi alipoanza kukosa masomo, au ikisikika kwamba msichana anataka kuozwa mapema, Tabichi alikwenda nyumbani kwao. Alibisha hodi, akaketi na wazazi, akaeleza. Aliwafundisha pia wanakijiji kilimo cha mazao yanayostahimili ukame, kwa sababu mtoto mwenye njaa hawezi kuzingatia fizikia, hata afundishwe na nani.

Matunda yalionekana. Katika miaka mitatu idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu, ikafika 400. Kesi za utovu wa nidhamu zilipungua kutoka 30 kwa wiki hadi 3. Klabu ya sayansi ya shule hiyo yenye kompyuta moja ilituzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya eneo hilo, na wanafunzi wake wakafuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani.

Inafahamika kwamba Tabichi alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wanafunzi na jamii. Isieleweke kwamba kila mwalimu anatakiwa kufanya hivyo. Mwalimu mwenye watoto wa kulea na mkopo wa sacco hawezi, na si haki kumdai. Kuwalipia watoto maskini ni mzigo wa jamii nzima na serikali. Ila kumfuata mtoto aliyepotea darasani hakuhitaji dola milioni.

Hapo ndipo nafasi ya kaunti inapoanza. Katiba ya 2010 iliwakabidhi magavana na mabunge ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa msingi na sekondari huajiriwa na TSC. Kwa hiyo mtoto wa kijijini anapokutana na mwalimu wake wa kwanza, anakutana naye katika chekechea, na kama chekechea hiyo iko mbali, au mzazi anaona miaka hiyo ni ya michezo tu, mtoto huanza gredi ya kwanza akiwa nyuma ya wenzake.

Wazazi, mtoto wa miaka 4 mahali pake ni PP1, na wa miaka 5 ni PP2. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari. Msingoje wiki ya kufungua. Andaeni cheti cha kuzaliwa mapema. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mwoneni naibu wa chifu, kwa kuwa yeye ndiye huandika taarifa ya kuzaliwa inayopelekwa kwa msajili.

Nanyi walimu wa chekechea, mtoto akikosa siku tatu mfululizo, ulizeni. Mkifika nyumbani mkakuta mama amelala mgonjwa, mjulisheni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Nawe mzazi, mwalimu akibisha hodi jioni, mkaribishe aketi kwanza, umsikilize, hata kama karo ya shule fulani ya kaka yake bado hujaimaliza. Hakuja kudai.