Mume na Mke Watakao Kuhamia Ng'ambo: Maneno ya Akiba na Mpango

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya jambo ambalo hunong'onwa sana maofisini, lakini ni mara chache huwekwa mezani likatazamwa kwa hesabu. Jambo lenyewe ni safari ya mume na mke watakao kuhama nchi hii wakaishi na kufanya kazi katika nchi ya mbali. Hatukuja kumsifu aendaye, wala hatukuja kumlaumu. Twapenda kuonyesha tu ya kuwa safari ya namna hii ni kazi ya miaka, na kwamba mtu aianzaye bila daftari la hesabu aweza kupoteza akiba yake, kazi yake, na pengine hata amani ya nyumba yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tumechagua nchi moja, nayo ni Kanada, kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi na kila mtu aweza kuyasoma katika tovuti ya Serikali ya nchi hiyo. Tena tutaweka mfano wa mume na mke: mume ni karani wa ofisi mwenye miaka 34, na mke ni muuguzi aliyesajiliwa, mwenye miaka 32. Wote wawili wana mshahara na afya, na watoto hawajapata bado.

Swali la kwanza si fedha. Swali la kwanza ni hili: katika wawili hawa, nani awe mwenye maombi? Kwa desturi yetu wengi watajibu upesi kwamba ni mume, kwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba. Walakini sheria ya Kanada haiulizi nani ni kichwa cha nyumba. Katika njia iitwayo Express Entry, iliyoanzishwa mwezi wa Januari 2015, kazi zote zimepangwa katika madaraja 6, kuanzia 0 mpaka 5, na mfanyakazi stadi atokaye nje sharti awe amefanya kazi ya daraja la 0, 1, 2 au 3 kwa mwaka mmoja mfululizo katika miaka 10 iliyopita. Muuguzi aliyesajiliwa yumo katika daraja la 1. Karani wa kawaida wa ofisi yumo katika daraja la 4. Karani wa hesabu naye kadhalika.

Ndugu zetu, neno hili ni chungu masikioni mwetu sisi makarani, lakini afadhali tulisikie hapa kwa bure kuliko kulisikia baada ya kulipa ada. Kinachotazamwa ni kazi uliyoifanya kila siku, wala si jina la cheo lililoandikwa mlangoni. Kwa hiyo karani ambaye kazi zake za kweli ni za msaidizi wa utawala aweza kuwa katika daraja la 3, na yafaa asome maelezo ya kazi hiyo mstari kwa mstari kabla ya kukata tamaa. Lakini katika mfano wetu, mwenye maombi ni Bibi, na Bwana atakwenda kama mume aandamanaye na mkewe. Mume awezaye kulikubali jambo hili kwa moyo mweupe amekwisha vuka mto wa kwanza. Yule asiyeweza, na akae kwanza alifikiri, maana huko aendako atakuta mengine makubwa kuliko hilo.

Wala asidhani mume ya kuwa amekuwa mzigo. Mwombaji hupimwa kwanza kwa alama 100, na sharti apate 67. Lugha ina alama mpaka 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, kazi aliyokwisha ahidiwa 10, na mambo yamwezeshayo kuzoea nchi 10. Katika hizo za mwisho, mume akifanya mtihani wa Kiingereza au Kifaransa na kufikia kiwango cha 4 tu, humletea mkewe alama 5. Basi Kiingereza cha karani, alichokipata kwa kuandika barua na kumbukumbu za mikutano, kitatoa mchango wake.

Sasa tuje kwenye fedha. Serikali ya Kanada hutaka wageni hawa waonyeshe fedha za kuanzia maisha, ila kama mtu ana kibali cha kufanya kazi huko pamoja na ahadi halali ya kazi, au anaomba kwa uzoefu wa kazi alioupata Kanada kwenyewe. Kiasi hubadilishwa kila mwaka. Mwezi wa Julai 2025 kiliwekwa kuwa dola za Kanada 19,001 kwa watu wawili. Ada ya kushughulikia maombi, kama ilivyopangwa tarehe 30 Aprili 2024, ilikuwa dola 950 kwa kila mtu mzima, na ada ya haki ya ukaazi dola 575. Jumla kwa wawili ni dola 3,050. Alama za vidole na picha ni dola 170 kwa jamaa. Kwa hesabu hiyo tumefika dola 22,221, na bado hatujagusa mitihani ya lugha, cheti cha kulinganisha elimu, uchunguzi wa daktari, wala nauli ya ndege.

Tukihesabu kwa mfano tu kwamba dola moja ya Kanada ni Shs. 1,800/-, fedha hizo zakaribia Shs. 40,000,000/-. Mume na mke wakizigawa kwa miezi 48, yawapasa kuweka Shs. 833,000/- na ushei kila mwezi. Wakizigawa kwa miezi 60, ni karibu Shs. 667,000/-. Twajua ya kuwa wako waliomo katika ukumbi huu ambao mshahara wao wote haufiki hapo. Basi kwao jibu si kukopa. Jibu ni kwamba mshahara mmoja uishiwe na mwingine uwekwe, au muda urefushwe, au safari iachwe. Kila moja kati ya majibu hayo matatu ni jibu la heshima.

Mtu atasema, "Nina kiwanja na nyumba, thamani yake yapita fedha hizo mara mbili." Ni kweli, lakini thamani ya nyumba haihesabiwi mpaka iuzwe. Mwingine atasema, "Shemeji ataniazima, nikishapata viza nimrudishie." Hilo limekatazwa: fedha hizo zisiwe za kukopa kwa mtu yeyote. Tena barua ya benki sharti ionyeshe wastani wa fedha kwa miezi 6 iliyopita pamoja na madeni ya mwenye akaunti, nazo ziwepo siku ya kuomba na siku ya kupewa viza. Mchango wa jamaa wawezekana ikiwa ni zawadi ya kweli, iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Lakini fedha nyingi ziingiazo kwa ghafula juma moja kabla ya kuomba huleta maswali ambayo ni vigumu kuyajibu. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili yule atazamaye kibaba hutaka kuona hata zile haba.

Akiba iwekwe wapi? Sisi twashauri akaunti ya pamoja, yenye majina yote mawili. Sheria yenyewe huihesabu akaunti ya mume na mke waendao pamoja. Ikiwa fedha ziko kwa jina la mmoja tu, lazima mwenye maombi athibitishe kwamba aweza kuzitumia. Na kupita sheria, akaunti ya pamoja huzuia maneno. Mke ambaye kwa miaka minne alikula mchicha ili akiba itimie hapaswi kuomba ruhusa ya kuiona.

Tena kuna hatari ya sarafu. Akiba yetu ni shilingi, na deni letu ni dola. Dola ile ikipanda kwa Shs. 100/- tu, hesabu yetu ya juu huongezeka kwa Shs. 2,222,100/-. Kwa hiyo si vema kungoja mwezi wa mwisho ndipo kubadili fedha zote. Miaka ya mwanzo fedha zaweza kukaa mahali zinapozaa polepole, kama hatifungani za Serikali ziuzwazo na Benki Kuu au vipande vya mifuko ya UTT, mradi muda wake usipite siku ya safari. Mwaka wa mwisho zianze kuhamishwa kidogo kidogo katika akaunti ya fedha za kigeni.

Hapo yaja shauri gumu kuliko yote, nalo ni la wakati. Waombaji waliopita ile alama 67 hushindanishwa tena kwa hesabu nyingine kubwa. Katika hesabu hiyo, mwombaji mwenye mume au mke aandamanaye naye hupewa alama 85 za umri akiwa na miaka 32, naye hupoteza 5 kila mwaka. Bibi wa mfano wetu akiweka akiba kwa miaka 5, atafika miaka 37 na alama zake za umri zitakuwa 60. Akiba imepanda, alama zimeshuka! Je, wafanyeje? Miaka ya kuweka akiba isiwe miaka ya kulala. Lugha ndiyo iwezayo kufidia alama zilizopotea, tena Kifaransa kina fungu lake: tangu mwaka wa 2023 Kanada huwaita watu kwa makundi maalumu, na baadhi yake ni wasemao Kifaransa na watumishi wa afya. Saa moja ya masomo kila jioni kwa miaka 4 haihitaji fedha nyingi.

Walakini mitihani yenyewe isifanywe mapema mno. Matokeo ya mtihani wa lugha hukubaliwa kwa miaka 2 tu, cheti cha kulinganisha elimu kwa miaka 5, na uchunguzi wa daktari kwa miezi 12. Atakayeitwa hupewa siku 60 za kupeleka maombi kamili. Basi mpango mwema ni huu: kwanza akiba na masomo, kisha cheti cha elimu, kisha mtihani wa lugha, akiba ikiwa imekaribia kutimia, na mwisho hati za polisi na daktari. Kadhalika muuguzi ajue mapema kwamba kibali cha kuishi si kibali cha uuguzi. Kila jimbo lina chombo chake kitoacho leseni, na jambo hilo lina ada zake na miezi yake. Waweke akiba ya kuwalisha mpaka leseni itoke.

Juu ya madalali tutasema machache. Hakuna mtu awezaye kuuza nafasi. Kwa sheria ya Kanada, miongoni mwa wanaoruhusiwa kutoza fedha kwa ushauri huo ni mawakili, manotari wa Quebec, na washauri wenye leseni ya chuo chao, kilichofunguliwa Novemba 2021. Majina yao huweza kutazamwa hadharani. Mtu akikuambia ulipe kwa simu yake kwa kuwa "ana mtu wake ubalozini", funga mkoba wako.

Limebaki neno la wale watakaoachwa nyuma. Wengi wetu tumekopa katika SACCOS zetu, na wenzetu wa meza ya pili wametia sahihi kutudhamini. Karani aondokaye usiku na kumwachia mdhamini deni ametukata sisi sote, maana kesho mwenzake akiomba mkopo hataaminiwa. Deni lilipwe kwanza, ndipo hesabu ya safari ianze. Kadhalika mtumishi achunguze mafao yake. Katika mfuko wa PSSSF, ulioundwa mwaka wa 2018, pensheni huhitaji michango ya miezi 180. Mtu aliyefikisha miezi 170 afikiri mara mbili kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Na wazazi waliozoea kupata kitu kila mwezi waambiwe mapema, na fungu lao liandikwe katika daftari kama gharama nyingine yoyote. Mzazi si mabaki ya hesabu.

Tena wajue hali yao ya uraia. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada hubaki raia wa nchi yake, naye hutakiwa kuwapo huko siku 730 katika kila miaka 5. Baada ya siku 1,095 katika miaka 5 aweza kuomba uraia. Mkenya, tangu Katiba ya mwaka wa 2010, aweza kushika uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima haruhusiwi na Sheria ya Uraia ya mwaka wa 1995. Akichukua wa huko, ameacha wa hapa. Shauri hilo lizungumzwe na wawili kabla ya safari, wala lisingoje siku ya kula kiapo.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mtu asinunue msala mpya. Walisema asiutupe wa zamani kabla ya kuushika mwingine mkononi. Basi mume na mke watakao kwenda, na wakae leo usiku na daftari moja na kalamu mbili. Kila mmoja aandike anachotaka, anachoogopa, na anachoweza kuweka mwezi huu. Ikiwa maandishi yao yapatana, wameanza. Ikiwa hayapatani, wamepata faida kubwa pia, kwa kuwa wamejua kabla ya kulipa ada.

Mwenye swali na aulize. Lile litakalotushinda tutalitafutia jibu pamoja.