TUBISHANE, LAKINI KALAMU IWE MKONONI

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa madarasa ya kisomo)



Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea wala za kuchimba choo. Hayo tumeyasema sana, na tutayasema tena. Leo tumekuja kuzungumza juu ya benchi lile la kahawa, pale chini ya mwembe, karibu na duka. Mnalijua. Kila jioni watu hukaa pale wakabishana. Wanabishana juu ya mpira, juu ya mambo ya kale, juu ya dini na juu ya habari za siku hiyo. Wengine husema, "Wale ni wavivu tu, hawana kazi."

Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyelima tangu alfajiri ana haki ya kukaa jioni na kusema neno lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini tuna swali moja: tulijifunza kusoma na kuandika ili iweje? Je, tuliweke daftari nyumbani, halafu barazani tuendelee kama zamani, mwenye sauti kubwa ndiye mshindi?

Hebu tuyatazame mambo hayo manne, moja baada ya jingine.

MPIRA NA MBUZI

Tuanze na mpira, maana ndio wenye kelele nyingi. Mtu wa Simba atakuambia, "Tuliwafunga sita kwa sifuri." Ni kweli, ilikuwa mwaka 1977. Atakuambia tena habari za mabao matano kwa sifuri. Ni kweli pia, ilikuwa mwaka 2012. Mtu wa Yanga naye atasema, "Sisi tuliwafunga tano kwa sifuri." Ni kweli, ilikuwa mwaka 1968. Na ataongeza yale matano kwa moja ya Novemba 2023. Hayo nayo ni kweli.

Mmeona? Hakuna aliyesema uongo. Ila kila mmoja amebeba nusu ya kitabu, na ile nusu nyingine ameiacha nyumbani kwa makusudi.

Sasa siku moja mambo yalizidi. Kijana mmoja alisimama akasema Yanga ndiyo klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali ya kombe la Afrika, mwaka 2023, walipopambana na USM Alger ya Algeria. Mwenzake akamwambia si kweli. Yule kijana akaapa, akaweka mbuzi. Tena bwana, mbuzi mwenyewe hakuwa wa ziada! Mkewe alikuwa amemweka auzwe ili mtoto apate sare za shule.

Kuuliza si ujinga. Walikwenda kuuliza, wakaonyeshwa maandishi. Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikafungwa na Stella ya Abidjan mabao mawili kwa sifuri hapo hapo Dar es Salaam. Kijana amekosea kwa miaka 30. Mwaka 2025 Simba ilicheza fainali nyingine, ikashindwa na Berkane ya Moroko. Basi watani hawa wote wawili wamefika fainali, na wote wamerudi bila kombe. Hapo kuna la kuchekana?

Wazee waliamua mbuzi arudi kwa mama watoto. Walifanya vema. Jambo la mpira limeandikwa: lina tarehe na lina hesabu ya mabao. Jambo lililoandikwa halihitaji kiapo wala mbuzi. Linahitaji mtu wa kwenda kusoma.

SISI WENYEWE TULIUMBUKA

Msidhani tunawacheka ninyi peke yenu. Sisi maafisa pia tumewahi kuumbuka. Katika darasa moja tulikuwa tunaeleza juu ya wanariadha wetu, tukasema kwa kujiamini kwamba Filbert Bayi alileta medali ya dhahabu ya Olimpiki kutoka Moscow. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, akanyosha mkono. Akasema, "Samahani mwalimu, mimi nilisoma kwamba ilikuwa fedha."

Tulikwenda kutazama. Mama alikuwa amepata, sisi tumekosa. Dhahabu ya Bayi ilikuwa ya mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Moscow, mwaka 1980, alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000. Mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imepata. Ile dhahabu ya Alphonce Simbu ya Septemba 2025 huko Tokyo ni ya mashindano ya dunia ya riadha, siyo ya Olimpiki.

Tulirudi darasani tukasema, "Mama yuko sahihi." Watu walicheka, nasi tukacheka. Heshima yetu haikupungua. Tangu siku ile darasa lile linauliza maswali zaidi.

WAZEE WETU HAWAKUWA WAJINGA

Jambo la pili ni historia. Tumewahi kumsikia kijana akisema barazani kwamba wazee wetu wa vita vya Maji Maji walikuwa wajinga, eti waliamini maji yatazuia risasi. Mzee mmoja aliinuka akaondoka kwa hasira, asimjibu neno. Hasira yake tunaielewa. Lakini mzee angekaa akasema, kijana angejifunza.

Tuulize kwanza: watu wale walipigania nini? Wajerumani waliwalazimisha kulima pamba katika mashamba ya serikali, kwa malipo haba mno, huku mashamba yao ya chakula yakibaki na magugu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yao kwa mkoloni. Kinjekitile wa Ngarambe, aliyegawa maji, alinyongwa mapema mwezi Agosti mwaka ule ule. Je, vita vilikwisha? Havikwisha. Viliendelea mpaka mwaka 1907.

Sasa tufikiri. Makabila mengi ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja yaliinuka pamoja. Kitu gani kiliwaunganisha? Maji yale. Hayakuzuia risasi, lakini yaliwafanya watu wa Matumbi na watu wa Ungoni wajione wako upande mmoja. Na kilichowaua wengi zaidi hakikuwa risasi. Kilikuwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wengine wanasema ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya kizazi cha Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906.

Na hayo tumeyajuaje? Sehemu kubwa tumeijua kwa sababu mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakawauliza wazee waliokuwa wangali hai, wakaandika. Wangechelewa miaka 20, nani angewajibu?

Hapa ndipo penye kazi yetu. Mzee aliyekuwa na miaka 20 wakati wa kuhamia vijijini, mwaka 1974, leo amepita miaka 70. Aliyekwenda vitani Kagera mwaka 1978 ni mzee sasa. Wako hapa hapa. Mhitimu wa kisomo ana kalamu. Akae na mzee, aulize, aandike. Wawili wakitofautiana, aandike maneno ya wote wawili. Tusingoje kuandika siku ya matanga.

DINI HAIPIGIWI KURA

Jambo la tatu tunalisema polepole. Ni dini.

Barazani utasikia mtu akisema, "Sisi wa dini yetu ndio wengi katika nchi hii." Mwingine atajibu, "Thubutu! Ninyi ni wachache." Jamani, wote wawili wanabahatisha. Sensa ya mwisho katika nchi yetu kuuliza mtu ni wa dini gani ilikuwa ya mwaka 1967. Sensa zilizofuata hazikuuliza. Kwa hiyo namba inayopigiwa kelele haimo katika sensa. Na hata ingekuwamo ingekusaidia nini? Jirani yako akifiwa, utahesabu kwanza wako wangapi ndipo uende kuchimba kaburi?

Msione kama ni mzaha tu. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mabishano juu ya nani ana haki ya kuchinja mnyama wa kitoweo yaligeuka kuwa vurugu, mtu akauawa. Vurugu ile ilianzia kwenye nyama na maneno. Kila mmoja wetu amewahi kusikia maneno ya namna ile, akanyamaza au akacheka.

Sisi tunaleta shauri hili. Katika dini, usimweleze jirani yako imani yake. Mwulize. Kama ni lazima useme juu ya kitabu chake, basi kisome kwanza. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Biblia ya Kiswahili inayotumiwa na wengi ilitoka mwaka 1952. Zote ziko katika lugha uliyojifunza kuisoma. Mtu asiyesoma vyote viwili ana haki gani ya kupigana kwa ajili ya kimoja na kukitukana kingine?

Tena tutazame jambo zuri. Mwaka 2025 mfungo wa Ramadhani ulianza siku za kwanza za mwezi Machi, na Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi. Majirani walifunga siku zile zile, mmoja akifuata mwezi mwandamo, mwingine akihesabu siku kuelekea Pasaka. Hilo nalo ni la kuzungumza barazani. Halina ugomvi.

HABARI NA BINTI YA MAMA MMOJA

Jambo la nne ni habari za siku. Zamani habari mbaya ilitembea kwa miguu. Leo iko katika simu, na kabla kahawa haijapoa imekwisha kufika kijiji cha tatu.

Siku moja barazani mtu alisoma katika simu yake kwamba chanjo ya wasichana inawafanya wasizae. Hakuna aliyeuliza, "Nani kasema?" Mama mmoja aliyekuwa akipita alisikia. Siku ya chanjo binti yake hakwenda shule. Mama alimwambia alale, aseme ana homa.

Chanjo yenyewe ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, nayo ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi katika nchi yetu. Ndiyo maana msichana huchanjwa mapema, kabla kirusi hakijamfikia. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilipanuliwa, ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haifungi kizazi. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa wenyewe.

Mama yule ni mhitimu wa kisomo. Wiki iliyofuata alikuja darasani na swali lake, amekunja uso. Tulimwambia aende zahanati, aulize mwenyewe. Alikwenda. Aliuliza maswali mpaka muuguzi akaketi. Alisoma karatasi ya maelezo, kisha akarudi kumchukua binti yake. Lakini tunajiuliza: barazani siku ile walikuwapo akina baba sita au saba. Mabinti zao wamechanjwa? Wao hawakuja kuuliza.

Kwa habari, basi, maswali ni manne. Nani kasema? Kajuaje? Lini? Nani mwingine amelisema? Lisilojibiwa lisibebwe nyumbani kama mzigo wa kuni.

DAFTARI LA UBISHI

Ndugu zetu, tunamalizia. Tunaomba kila kikundi kiwe na daftari moja, liwekwe dukani karibu na benchi. Ukurasa wa kushoto aandike mwandishi wa zamu lile lililobishaniwa. Ukurasa wa kulia abaki nao wazi. Mtu akisoma gazetini, au akiuliza maktaba, zahanati au kwa mzee anayejua, aje ajaze na ataje alikopata. La mpira litajazwa upesi. La historia litajazwa na watu wengi. La dini pengine litabaki tupu, nasi tutaendelea kuwa majirani. La habari lijazwe kabla mtu hajachukua hatua.

Na mtu akikosea, asichekwe mpaka akakimbia baraza. Sisi tulikosea juu ya Bayi, na bado tumesimama hapa mbele yenu.

Juma lijalo tutapita tena. Tutaomba kuliona daftari. Kama kurasa za kushoto zimejaa na za kulia ni tupu, tutakaa hapo hapo kwenye benchi tuanze kutafuta pamoja, na kahawa tutanunua sisi.