Chambo cha Mpira Ziwani Jipe: Mazungumzo na Wavuvi wa Bomeni



Chambo cha mpira chenye umbo la samaki mdogo kinamfaa mvuvi wa kambare, kwani kambare huwinda samaki wadogo. Perege hula zaidi mimea midogo ya majini, hivyo hakijali.

Chomeni ndoana kwenye pua ya chambo, ipite katikati ya mwili na kutokea mgongoni. Hakikisheni chambo kimenyooka. Kikipinda kitazunguka majini na kuusokota mshipi. Penye magugu, ficheni ncha ndani ya mpira isije ikanasa. Kambare hufuata harufu kuliko macho, kwa hiyo kipakeni mafuta ya samaki, kisha kivuteni polepole karibu na tope.

Mpira hauozi. Kipande kilichochanika kirudi nacho mvuvi nyumbani, kisimezwe na samaki.

Hata hivyo, ndoana ikinasa kwenye matete, msiingie majini kuinasua. Jipe ina viboko na mamba. Kateni mshipi. Ndoana nyingine iko dukani. Mzazi mwingine hauzwi popote.